Friji Iliyofungwa Direkti

Nimefundisha fizikia miaka ishirini na saba katika shule moja ya sekondari ya Kabondo, hapa Kisangani, na katika miaka yote hiyo sijawahi kutengeneza kitu chochote. Nasema hili mapema ili msomaji asije akanitegemea. Naweza kuchora mzunguko wa umeme ubaoni nikiwa nimewageuzia wanafunzi uso, bila kuangalia mkono wangu unakokwenda. Naweza kueleza ukinzani mpaka kengele ilie. Nyumbani kwangu, lakini, mlango wa choo umefungwa kwa kamba na soketi ya sebuleni hushika ukiiegemezea kiti. Penye miti hapana wajenzi.

Friji tuliinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kivu ya Kaskazini, Mkatoliki mwema anayekuombea baraka kabla hujauliza kama kitu chenyewe kinawaka. Alituambia ni friji ya kisasa, yenye akili. Akili hiyo niliionyeshwa baadaye: kibao cha kijani, upana wa kiganja, kimefichwa nyuma ndani ya kisanduku cha plastiki, kimejaa vidude vidogo na njia za shaba. Hapa kwetu kinaitwa karte. Kazi ya karte ni kusikiliza. Kuna waya mwembamba unaoingia ndani ya friji kupima baridi, na baridi ikitosha, karte huiambia mota inyamaze. Friji ya marehemu baba yangu haikuwa na akili yoyote, ikaishi miaka thelathini. Hii yenye akili iliishi na sisi miezi minne.

Majirani waliamini tumeinunua kwa ajili ya bia, na mimi sikuwasahihisha, kwa sababu mwalimu naye anahitaji sifa. Ukweli ni kwamba mke wangu ana kisukari cha sindano. Kichupa cha insulini kilichofunguliwa anakiweka chumbani, ndani ya chungu kidogo chenye maji, kama alivyofundishwa na muuguzi. Vile ambavyo havijafunguliwa vinataka baridi, tena baridi ya wastani. Joto huviharibu. Kuganda huviharibu pia, na vikishaganda hata mara moja tu ni vya kutupa. Wakati huo tulikuwa na viwili vya akiba, na vingine vilikuwa vinasubiriwa kutoka Kinshasa, maana yake havikuwa na siku wala saa.

Umeme wa mji wetu una tabia za tonton, yaani mjomba tajiri. Huja bila taarifa, huingia kwa kelele, na huondoka kabla hujamweleza shida yako. Umeme ukirudi baada ya siku mbili, mtaa mzima hushangilia na kila mtu hukimbilia kuchomeka vitu vyake, na ndipo vitu vinapoungua, kwa sababu dakika za kwanza umeme huja na hasira. Kwangu mimi jambo hilo haliwezekani, nilikuwa nikijigamba. Katika korido yetu kuna balbu ya zamani, ile ya waya ndani. Umeme ukirudi, kwanza unaitazama balbu. Ikiwa nyekundu kama kaa la moto, nguvu ni ndogo. Ikiwa nyeupe mpaka inatoa mlio, nguvu imezidi. Unasubiri itulie, ndipo unachomeka. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, nikaiandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani, na neno MARUFUKU nikalipigia mstari mara mbili.

Jumapili ile shemeji yangu alikuwa amefika kutoka Yanonge na samaki wa kukaushwa. Nikawa namweleza, bila yeye kuuliza, jinsi mtu mwenye elimu anavyoishi na umeme mbaya. Mtaa ukashangilia. Nami, nikiwa bado katikati ya maelezo, nikachukua plagi ya friji nikaichomeka ili aone inavyoamka. Nyuma yangu mke wangu akasema, "Papa, ampoule," yaani baba, balbu. Nikainua mkono, kumaanisha aniache nimalize. Kikasikika kitu kidogo tu, kama karanga inapopasuliwa maganda, kisha ikaja harufu. Kwenye korido balbu ilikuwa nyeupe, inaimba. Shemeji akauliza kwa adabu kama hayo ndiyo maelezo yenyewe.

Vichupa viwili vikahamia kwenye termo ya chai, vimefungwa kitambaa juu ya vipande vya barafu ya kununua. Kesho yake asubuhi nikamleta fundi, papa mmoja wa Opala mwenye kibanda cha mabati karibu na soko. Alianza na redio zamani, akapanda daraja mpaka televisheni, na sasa hutibu kila chenye waya. Alikuja juu ya baiskeli ya toleka, teksi ya hapa kwetu, na mfuko mmoja. Akafungua kisanduku cha nyuma, akanusa, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya ukoo.

"Prof, karte imekufa," alisema. "Bon, tutafanya direkti."

Kwa wasiokaa Kisangani nieleze. Direkti ni tiba ya magonjwa yote. Fundi hukata nyaya za mota kutoka kwenye karte, huziunganisha moja kwa moja na waya wa ukutani, hufunga utepe mweusi, na karte huiweka mfukoni isije ikakusumbua. Nusu ya friji za Kabondo zinaishi hivyo. Nilimwuliza swali la kitaalamu, yaani kama itapiga baridi. Akanijibu kwamba itapiga baridi mpaka nitaomba msamaha. Sijawahi kuambiwa ukweli mtupu kiasi hicho na fundi yeyote, nami nikacheka.

Sikukubali tu, nilisifu. Nilichukua karatasi nikamchorea mke wangu: chanzo, waya, mota, waya, chanzo. Mzunguko wa somo la kwanza, mtoto wa darasa langu anauchora kwa dakika moja. Nikamwambia kwamba uzuri wa sayansi ni urahisi. Ule waya mwembamba wa kupima baridi ulikuwa bado umo ndani ya friji, unapima kwa bidii, na ncha yake ya nyuma inaning'inia hewani bila mtu wa kuambiwa.

Mke wangu aliitazama ile karatasi. Yeye hakusoma fizikia, alikulia mtoni kwenye samaki na biashara ya samaki. Aliuliza swali moja tu.

"Sasa nani ataiambia inyamaze?"

Nikamjibu kwamba umeme utakatika. Fundi akakubali kwa kichwa. Msomaji asicheke, lilikuwa jibu la kisayansi kabisa. Katika mji huu kila kitu kimepimwa kwa kukatika kwa umeme: mapumziko ya mota, usingizi wa watoto wachanga, urefu wa mahubiri. Mke wangu alichukua termo, akaingia nayo chumbani, akatoka na vichupa viwili ndani ya kiboksi chao, akakiweka kwenye mlango wa friji, upande wa juu.

Wiki ile umeme haukukatika.

Siku ya kwanza watu walidhani ni bahati. Siku ya pili walisema kuna mkubwa amekuja kutembelea mji. Siku ya tatu walianza kuogopa. Friji yetu ilinguruma usiku na mchana bila kumeza mate. Pondu, majani yetu ya muhogo, iligeuka jiwe. Samaki wa shemeji walitaka panga. Mayai yalipasuka yenyewe, na chupa ya maji ikavimba tumbo. Mimi nilikuwa na furaha isiyo kifani. Niliwaita majirani waje wagonge pondu kwa kijiko wasikie mlio. Niliwaeleza kwamba Ulaya watu wanalipia baridi ya namna hii.

Jambo moja tu lilinichekesha zaidi. Tangu kesho yake, Jumanne, mke wangu alianza kwenda misa ya alfajiri kila siku. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa Jumapili, kama Wakristo wengine wenye kazi. Nilimtania kila alipochukua kitenge chake. Nilimwambia mbinguni watachoka naye, na kwamba kama anaiombea friji, fundi wa Opala amekwisha kumtangulia. Yeye alinijibu kwamba sala haijawahi kuunguza kitu, akaenda zake.

Alhamisi, saa sita, nilirudi kutoka shuleni kula. Nyumba ilikuwa tupu. Nikafungua friji kuchukua maji ya kunywa, nikakumbuka kwamba maji sasa hayanywewi, yanatafunwa. Jicho langu likaangukia kile kiboksi mlangoni. Siku nne lilikuwa limekipita bila kukiona, jicho la mwalimu anayewaambia watoto kila asubuhi kwamba sayansi huanza na kuangalia. Nikakifungua. Vichupa vyote viwili vilikuwa vimeganda, vyeupe, vigumu.

Niliogopa. Sina neno la kitaalamu la kuweka hapo. Nikakaa chini, mgongo kwenye friji, na mota ikawa inanitetemesha mbavu. Nikavifumbata vichupa mikononi. Baada ya muda viliyeyuka, na viliyeyuka vizuri sana: maji safi, meupe, yasiyo na hatia. Ukiviona usingejua lolote. Hapo ndipo lilipokuja wazo ambalo mpaka leo nalionea aibu. Lilisema: virudishe. Lilisema huenda havijaharibika, muuguzi naye si Mungu, na kwamba mtu aliyeua friji mbele ya shemeji yake hawezi kuua na dawa wiki hiyo hiyo.

Nikavirudisha. Nikaenda shuleni nikafundisha somo la kuyeyuka na kuganda, sikulichagua, ndilo lililokuwa zamu. Mwanafunzi mmoja akauliza kama kitu kilichoganda kikiyeyuka kinakuwa kilekile. Nikamwambia anyamaze.

Alasiri nilimkuta mke wangu uani anachambua mchele. Nilisimama mbele yake nikamwambia yote: kuganda, kuyeyuka, kurudisha. Nilimwambia na lile wazo, kwa sababu nilijua nikiliacha ndani litaoza. Nililia kidogo. Si kidogo. Yeye aliendelea kuchambua mchele mpaka nikamaliza, akaniangalia kama anavyoangalia samaki wa kupimwa.

"Haukuona hazina kofia?"

Sikuelewa. Kichupa kipya cha insulini kina kofia ndogo ya plastiki juu, inang'olewa siku ya kufunguliwa. Nilikuwa nimevifumbata vichupa vile karibu nusu saa na sikuangalia vichwa vyao.

"Ile ni maji, papa," alisema. "Nilitia maji na sindano ndani ya vichupa vya zamani. Vya kweli viko kwa bamasere."

Bamasere, yaani masista wa parokia, wana friji ndogo ya jua, na misa yao ni ya alfajiri. Jumatatu ile ile, fundi alipokuwa bado anafunga utepe wake, mke wangu alikuwa amekwisha kuamua. Akanieleza kwa upole kwamba baba yake, kule Yanonge, akipata mtumbwi mpya hapakii watu safari ya kwanza. Hapakii hata samaki. Anapakia kuni, kwa sababu mtumbwi ukizama kuni huelea, na hakuna anayelia matanga ya kuni. Basi na yeye alikuwa amepakia maji, na kila asubuhi kabla ya misa alikuwa akivitikisa vichupa. Alijua tangu Jumanne.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, na nakiri niliuliza kwa ukali, maana mtu akiokolewa bila kuomba hutafuta kosa la mwokozi.

"Ulikuwa na furaha mingi, sikutaka kuivunja," alisema. "Lakini siwezi kufa juu ya furaha yako."

Akarudi kwenye mchele wake. Miaka ishirini na saba nimefundisha jaribio, na mtu aliyefanya jaribio safi kuliko yote katika nyumba yangu hakuwahi kukaa darasani mwangu.

Jumamosi nilikwenda kibandani kudai karte yangu. Fundi hakuonyesha mshangao. Alivuta sanduku la mbao kutoka chini ya meza, limejaa karte za nusu ya mji, akaichagua yangu bila kusita. Akanifahamisha kwamba ipo, ila si nzima: kile kidude cheusi kinachowasha na kuzima mota alikuwa amekitoa Jumatano, na sasa kinaendesha mashine ya kufulia ya mama mmoja wa Makiso. Ndiyo maana ya karte kwenda mfukoni. Friji inafungwa direkti, na viungo vyake vinakwenda kuokoa wengine. Nilitaka kukasirika, lakini nikamfikiria yule mama na mashuka yake masafi, hasira ikakosa pa kushika.

Nikamwambia sitaki direkti, nataka karte isikilize tena. Alifuta kioo chake cha kukuzia, akaniambia basi nikae nishike taa.

Nilishika taa ya simu tangu saa tatu mpaka saa nane. Kwanza aliisugua karte kwa mswaki na spiriti mpaka shaba ikaonekana. Kisha akanionyesha kidude cha buluu, umbo la tembe kubwa, kimepasuka katikati na kuwa cheusi. Nikakitaja kwa jina lake la Kifaransa na kuanza kueleza kanuni yake. Alisubiri nimalize, akaniuliza kama karibu yake kuna kingine kilichokufa. Hilo sikujua. Akanionyesha fyuzi iliyokatika, na kopo dogo la rangi ya fedha ambalo kichwa chake kilikuwa kimevimba kidogo tu, kiasi ambacho mimi ningekiita kizima. Kile cha buluu, alisema, kazi yake ni kufa mlangoni ili hasira ya umeme isiingie ndani. Kilikuwa kimefanya kazi yake. Katika Jumapili ile, kilikuwa cha pekee upande wangu.

Tembe mpya ya buluu ilitoka kwenye karte ya televisheni, kopo likatoka kwenye kidhibiti cha umeme kilichoungua upande mwingine, na cheusi cha kuwasha mota kikatoka kwenye jiko la umeme la padri fulani. Kila kimoja alikisoma namba chini ya kioo, akanisomesha na mimi, na mara mbili nilikosea. Alikuwa akigusa risasi ya kulehemu kwa chuma cha moto, moshi mwembamba unapanda, anapuliza, anasogea. Hakuharakisha hata mara moja. Nikamwuliza, kama anajua kazi hii yote, kwa nini Jumatatu alinifungia direkti.

"Prof, batu banataka baridi ya leo," alisema, bila kuinua kichwa. "Ya kesho hakuna mutu anauliza. Na we haukuuliza. Mama njo aliuliza." Njo ni ndiye, na mama ni mke wangu.

Ilibaki kupima. Karte iliyotengenezwa haichomekwi hivi hivi ukutani. Mafundi huweka balbu njiani, umeme upite kwanza kwenye balbu. Kama ndani bado kuna kosa, balbu huwaka kwa nguvu zote na karte inanusurika. Kama ni nzima, balbu humeta mara moja na kufifia. Lakini iwe ya zamani, ya waya, hizi mpya hazifai, na ya kwake ilikuwa imevunjika wiki mbili nyuma. Akaniuliza kama najua mtu mwenye balbu kama hiyo.

Nikapanda toleka kurudi nyumbani. Mke wangu alinikuta juu ya kiti kwenye korido, nafungua balbu yangu chini ya karatasi ya MARUFUKU.

"Sasa njo unaiangalia," alisema.

Kibandani balbu ilimeta, ikafifia. Karte ikatoa mlio mdogo, tik, mota ingekuwa imewaka. Fundi akachukua waya wa kupima baridi, ambao alikuwa ameniagiza niung'oe kwenye friji nilipofuata balbu, akautumbukiza kwenye kikombe cha barafu. Tukasubiri. Tik. Ingekuwa imenyamaza. Akautoa, akaufumbata kiganjani. Tik. Nilimwomba arudie, akarudia mara nne bila kunicheka. Nilikuwa na furaha, lakini safari hii niliificha kidogo, maana sasa najua gharama yake.

Tuliirudisha karte mahali pake siku ileile. Friji ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, na ukimya wake ulinifurahisha kuliko ngurumo zake zote. Kiboksi cha vichupa vya maji kilibaki mlangoni. Umeme, kwa kuona tumekuwa tayari, ulianza tena kukatika kama kawaida, na kila uliporudi nilisimama koridoni na plagi mkononi, nikiitazama balbu mpaka iwe na rangi ya kistaarabu. Kila alfajiri mke wangu alivitikisa vichupa vyake, akachukua kitenge, akaenda misa. Sikumtania. Wiki moja ikapita hivyo, na ya pili.

Jumapili iliyofuata alirudi kutoka kanisani ameshika kitu kidogo ndani ya kitambaa kilicholowa. Akafungua friji, akaweka kichupa kimoja kwenye kile kiboksi, katikati ya vile viwili vya maji. Nilingoja atoe cha pili. Hakutoa.

"Tuanze na kimoja," alisema.

Alipokwenda jikoni nilifungua friji polepole, nikainama, nikaangalia vizuri. Kofia ilikuwepo.